Ruta ya Wi-Fi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hununua ruta kwanza, kisha ndipo wanauliza intaneti itaingilia wapi na kifaa kitakaa chumba gani. Ndiyo sababu mtu ana ruta ya bei kubwa sebuleni na chumbani bado anatumia bando la simu. Majibu haya yanaanza na chanzo cha intaneti, yanakwenda kwenye kuta za nyumba, halafu kwenye kuseti na matatizo. Yameandikwa kwa ajili ya nyumba za kwetu Afrika Mashariki, zenye tofali za saruji, umeme unaokatika, na faiba iliyofika mtaa huu na kuuruka ule.

## Kabla ya kununua

1. Nikinunua ruta, nimepata intaneti?

Hapana. Ruta hugawa intaneti ambayo tayari imefika nyumbani. Intaneti yenyewe unailipia kwa kampuni, nayo huingia kwa waya, kwa laini ya simu au kwa dishi.

Dukani utakuta aina mbili zinazofanana sana kwa sura. Ya kwanza ina matundu ya waya tu, moja limeandikwa WAN na mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Hiyo bila waya wa kampuni haikupi kitu. Ya pili ina kitundu cha kuchomeka laini, na inaweza kufanya kazi peke yake. Igeuze uitazame nyuma na chini kabla hujalipa.

2. Faiba, laini ya simu au dishi: nichague ipi?

Kama faiba imefika mtaani kwako na mfuko unaruhusu, chukua faiba. Vifurushi vingi vya faiba vya nyumbani havihesabu GB, mvua haiipunguzi kasi, na simu za video hazikatiki-katiki. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: je, kuna kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inashushwa? Kisanduku ni chako au ni cha kampuni? Fundi huja baada ya siku ngapi waya ukikatika? Hilo la tatu waulize majirani, kwa sababu wao ndio wanaoujua ukweli wake.

Pasipo faiba, ruta ya laini ya 4G au 5G ndiyo njia ya kawaida. Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zote zilianza kuuza huduma za 5G mwaka 2022, lakini ramani ya kampuni haikuhakikishii chochote kuhusu chumba chako. Kabla ya kununua, chukua simu yenye laini ya kampuni hiyo, simama pale unapotaka kuweka ruta, upime kasi asubuhi na upime tena saa mbili usiku. Kipimo cha usiku ndicho cha kukiamini.

Dishi la setilaiti kama Starlink, lililoanza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, linafaa shambani na maeneo ambako minara ya simu ni ya kubahatisha. Linahitaji anga wazi lisilozibwa na miti, na linakula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida. Kama unategemea sola ndogo, piga hesabu kwanza.

3. Kisanduku nilichopewa na kampuni ya faiba kinatosha, au ninunue ruta nyingine?

Kitumie kwanza kwa wiki chache. Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu kwenye sakafu moja, mara nyingi kinatosha, na tatizo linalobaki ni la mahali kilipowekwa (swali la 9). Nunua cha kwako ukiona mtandao haufiki vyumba vya mwisho hata baada ya kukihamisha, au kisanduku kinatoa bendi (masafa ya mawimbi) ya 2.4 GHz peke yake, bila ile ya 5 GHz. Jinsi ya kuviunganisha viwili hivyo iko kwenye swali la 24.

4. Ninahitaji kasi ya Mbps ngapi?

Chini ya wanavyokwambia wauzaji. Video ya HD inataka takriban Mbps 5. Video ya 4K inataka 15 hadi 25. Simu ya video inatosheka na Mbps 2 hadi 4, mradi isitetereke. Familia ambayo wawili wanatazama filamu, mmoja yuko kwenye kikao cha video na wengine wako WhatsApp, Mbps 20 za kweli zinawatosha.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye vipimo. Kampuni inahesabu kwa megabiti, ilhali simu yako inaonyesha faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha Mbps 20 kinapakua MB 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 1 linachukua kama dakika 7. Hujaibiwa.

5. Kwenye boksi pameandikwa Wi-Fi 5, Wi-Fi 6, AX1500, AC1200. Hizo namba zina maana gani?

Wi-Fi 4, 5, 6 na 7 ni vizazi. Kwa mtu anayenunua leo, Wi-Fi 6 ndiyo chaguo la maana: bei yake imeshuka, na inahudumia vizuri vifaa vingi kwa pamoja. Wi-Fi 5 bado inatosha kabisa kama intaneti yako ni ya Mbps 50 kushuka chini. Wi-Fi 4 ya bendi moja iache dukani, hata kwa bei ya kutupa. Wi-Fi 7 haitakusaidia chochote kama simu zenu hazina Wi-Fi 7.

Namba kama 1200 au 1500 ni jumla ya kasi za bendi zote kwenye karatasi, katika mazingira ya maabara. Hakuna kifaa kimoja kitakachoipata. Itumie kulinganisha ruta mbili, basi.

6. Ruta yenye antena sita inafika mbali kuliko yenye antena mbili?

Si lazima. Nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa kikomo na mamlaka za mawasiliano, na kuongeza vijiti hakukivuki kikomo hicho. Antena za ziada husaidia kuhudumia vifaa vingi, na nyingine huwa pale kwa ajili ya sura. Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili: hata ruta ikisikika mbali, simu yako yenye antena ndogo ndani inapaswa nayo isikike na ruta.

7. Nanunua ruta ya laini. Niangalie nini?

Kwanza, iwe wazi kwa mitandao yote. Ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu kwa bei ya ofa zimefungwa kwa laini za kampuni hiyo tu. Muulize muuzaji, kisha mwombe achomeke laini ya kampuni nyingine mbele yako.

Pili, bendi za 4G. Hapa kwetu bendi ya 3 (1800 MHz) na ya 20 (800 MHz) zinatumika sana. Ya 800 ndiyo inayopenya ukuta na kufika mbali. Ruta isiyokuwa nayo itakusumbua nje ya mji.

Tatu, daraja la modemu yake, yaani sehemu inayowasiliana na mnara. Cat 4 ina kikomo cha Mbps 150 kupakua na 50 kupakia. Cat 6 inafika 300 kwa kuunganisha bendi mbili, na tofauti hiyo utaiona jioni mnara unapoelemewa. Nne, kama unaishi mbali na mnara, tafuta yenye matundu ya antena ya nje.

Laini yenyewe isajiliwe kwa jina lako. Tanzania usajili ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na laini ya kwenye ruta haina msamaha. Piga *106# kuangalia imesajiliwa kwa nani. Laini ya "kijana wa dukani" ikifungwa, huna pa kudai.

8. Ndugu yangu aliye ng'ambo anataka kunitumia ruta. Itafanya kazi?

Ya waya (isiyo na laini) itafanya kazi ikitoka popote, ukizingatia umeme. Soma maandishi madogo kwenye adapta: ikiwa imeandikwa *Input 100–240V*, iko salama. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye volti 230 inaungua hapo hapo. Kutoka Marekani utahitaji pia kibadilishio cha pini. Kutoka Oman au Imarati soketi ni za pini tatu kama zetu na umeme unakaribiana, kwa hiyo hakuna shida.

Ya laini ni suala jingine. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi ina bendi za huko, kama 12, 13 na 66, na inaweza kukosa ya 20. Mwambie ndugu yako akupigie picha ya orodha ya bendi kabla hajalipia mzigo.

## Mahali pa kuiweka

9. Niiweke wapi?

Swali hili lina faida kuliko yote yaliyotangulia, na jibu lake ni la bure.

Mafundi huweka kisanduku pale waya unapoingilia, kwa kawaida pembeni ya sebule nyuma ya TV, chini sakafuni. Mahali hapo ndipo pabaya zaidi. Mawimbi huenda pande zote, kwa hiyo ruta ya pembeni inampa jirani na barabara nusu ya ulicholipia. Isogeze katikati ya nyumba, kwenye korido ikiwezekana, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama. Iwe mbali na friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha ukutani, tangi la maji na maikrowevu. Isifichwe ndani ya kabati la TV, hata kama nyaya zake hazipendezi machoni.

Mwambie fundi kabla hajatoboa ukuta. Kuongeza mita kumi za waya wa faiba siku ya kufungiwa ni jambo dogo, ilhali kumrudisha baadaye ni nauli na siku nzima ya kusubiri.

Kisha tembea. Shika simu, simama kila mahali mnapokaa kweli: kitandani, jikoni, kwenye kiti cha baraza. Pima kasi kila pahala na uandike. Isogeze ruta mita mbili, rudia. Utashangaa jinsi mita mbili zinavyoweza kuyatoa mawimbi nje ya kivuli cha friji.

Kwa ruta ya laini kuna jambo la ziada: kwanza inabidi yenyewe iusikie mnara. Iweke karibu na dirisha la upande wa mnara, kisha fungua ukurasa wake (swali la 13) utafute kipimo kinachoitwa RSRP. Kinasomwa kwa namba hasi: −80 ni kizuri sana, −100 kinavumilika, −115 ni cha mateso. Tundika ruta pale namba inapokaribia sifuri zaidi. Bati la paa huzuia mawimbi ya mnara, kwa hiyo ruta ya darini chini ya bati haisaidii.

10. Kwa nini mtandao unafia kwenye ukuta mmoja tu?

Kwa sababu ya kilichomo ndani ya ukuta. Mbao na silingibodi hupitisha vizuri. Tofali za saruji hupunguza, na kila ukuta unaofuata hupunguza tena. Zege lenye nondo, hasa la sakafu ya ghorofa, hukata kwa nguvu. Vigae vya bafuni na mabomba nyuma yake navyo huzuia.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa ya kale zina shida yake peke yake. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene mno, na ruta moja huishia chumba ilichomo. Huko usihangaike kutafuta ruta yenye nguvu zaidi. Panga tangu mwanzo kuwa na vituo viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa waya, ukipitisha waya milangoni na uani, maana ukuta wa aina hiyo hautobolewi ovyo. Ua wa katikati unasaidia: kituo kikikaa kwenye baraza inayotazama ua, mawimbi yanaingia vyumbani kupitia madirisha na milango.

11. Nyumba ni ndefu, au ina ghorofa. Ninunue ripita, mfumo wa meshi au nivute waya?

Vuta waya kama unaweza. Waya mmoja kutoka kwenye ruta hadi kituo cha pili upande wa mbali unashinda kifaa chochote kisichotumia waya, na hauharibiki kwa miaka. Unaweza kuvutwa hadi mita 100. Nunua Cat 5e au Cat 6 (hizi ni daraja za waya, si zile za modemu) wa shaba halisi. Madukani kuna waya wa bei nafuu wa alumini iliyopakwa shaba, ulioandikwa CCA: ni mwepesi mkononi, na ukiukwaruza kwa kisu unaona rangi nyeupe ndani. Huo hukatika kwenye viunganishi na hupoteza kasi kwenye umbali mrefu.

Meshi ni vituo viwili au vitatu vyenye jina moja la mtandao, na simu inahama kutoka kimoja hadi kingine bila wewe kufanya kitu. Inafaa nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki kutobolewa. Kituo cha pili kiweke *katikati ya njia* kuelekea penye shida, kisiwe pale penye shida penyewe, kwa kuwa hakiwezi kurudisha mawimbi ambayo chenyewe hakiyapati.

Ripita ya bei rahisi ni suluhisho la mwisho. Ile ya bendi moja inapokea na kurusha kwa bendi ile ile, hivyo kasi inapungua kwa karibu nusu. Kwa WhatsApp na barua pepe inafaa.

12. Ruta ina mionzi ya hatari? Naweza kuiweka chumba cha mtoto?

Mawimbi ya Wi-Fi ni ya redio. Hayana nishati ya kuvunja chembechembe za mwili kama X-ray. Ruta ya kawaida kwenye 2.4 GHz hurusha takriban wati 0.1, na nguvu hiyo hupungua haraka kadiri unavyokaa mbali. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu "vinavyoweza pengine" kusababisha saratani, hasa kutokana na maswali kuhusu simu zinazobanwa sikioni. Shirika la Afya Duniani halijaona madhara yaliyothibitika kutokana na mawimbi dhaifu kama ya Wi-Fi. Ukitaka utulivu wa moyo, iweke kwenye korido. Kwa mujibu wa swali la 9, huko ndiko inakofanya kazi vizuri zaidi.

## Kuseti

13. Naingiaje kwenye ukurasa wa kuseti?

Igeuze ruta. Chini kuna karatasi ndogo iliyobandikwa yenye jina la mtandao, neno la siri la Wi-Fi, anwani ya ukurasa, na jina na neno la siri la kuingilia. Ipige picha sasa hivi, kabla maandishi hayajafutika kwa joto.

Unganisha simu au laptopu kwenye Wi-Fi hiyo, zima data ya simu, fungua kivinjari na uandike anwani ile. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1. Iandike kwenye mstari wa juu wa anwani, usiitafute Google.

14. Siku ya kwanza nibadilishe nini?

Mambo manne, kwa mpangilio huu.

Anza na neno la siri la *kuingilia ukurasa wa ruta*. Likibaki "admin", mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi anaweza kuigeuza ruta yako apendavyo.

Kisha badilisha neno la siri la Wi-Fi. Refu lina nguvu kuliko gumu: maneno manne yasiyohusiana, pamoja na tarakimu, yanakumbukika na hayakisiwi. Namba ya simu ya baba mwenye nyumba hukisiwa kwanza.

Tatu, aina ya ulinzi: chagua WPA2/WPA3 ya mchanganyiko, au WPA2 yenye AES kama WPA3 haipo. WEP imevunjwa tangu 2001, usiiguse. Zima pia WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila neno la siri. PIN yake ina tarakimu 8 lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza.

Nne, sasisha programu ya ndani ya ruta na uwashe usasishaji wa moja kwa moja kama upo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ruta inaweza kufa, kwa hiyo ifanye ikiwa kwenye betri (swali la 22) au wakati umeme umetulia.

15. Bendi za 2.4 na 5 GHz ziwe na jina moja au mawili?

Jina moja kwa watu wengi, ruta itachagua. Tenganisha majina ikiwa unataka kuifunga TV kwenye 5 GHz iliyo na kasi, au una vifaa vinavyojua 2.4 tu, kama taa za kisasa, kamera na printa za zamani. Bendi ya 2.4 hufika mbali zaidi lakini imejaa watu. Ya 5 ina kasi ila huchoka kwenye ukuta wa pili.

16. Chaneli gani nichague?

Chaneli ni vipande vya bendi. Kwenye 2.4 GHz chagua 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Simu ya Android ina programu za bure zinazoonyesha majirani wako kwenye chaneli gani: nenda penye wachache. Kwenye 5 GHz acha ruta ijichagulie. Upana wa chaneli wa 2.4 uweke 20 MHz, hasa ukiishi kwenye apatimenti.

17. Nimesahau neno la siri la ruta. Nibonyeze Reset?

Kwa ruta uliyoinunua mwenyewe, ndiyo: shikilia kitufe hicho kwa pini kama sekunde 10 mpaka taa zizimike, kisha anza upya kwenye swali la 13.

Kwa kisanduku cha faiba, usiguse kabla ya kuipigia kampuni. Ndani yake kuna jina na neno la siri la kukuunganisha kwao, na Reset inafuta vyote. Utabaki bila intaneti hadi fundi aje.

## Watu wanaotumia

18. Nitajuaje kama jirani anatumia Wi-Fi yangu, na nimtoeje?

Kwenye ukurasa wa ruta kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Zima vya kwenu kimoja kimoja. Kinachobaki si chako. Dawa ni kubadilisha neno la siri la Wi-Fi, basi. Kumfungia mtu kwa anwani ya kifaa chake hakufai siku hizi, maana simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 zinaweza kutumia anwani za kubuni. Kuficha jina la mtandao nako hakumzuii anayejua anachofanya, bali kunawasumbua wageni wako.

Kwa wageni washa mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri. Wataona intaneti, hawataona printa, kamera wala mafaili yenu.

19. Naweza kuwauzia wapangaji wenzangu?

Kuchangia kifurushi ndani ya nyumba moja ni makubaliano yenu, ingawa aliyesajiliwa ndiye atakayeulizwa ikiwa mtandao umetumika kwa uhalifu. Kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayosimamiwa na mamlaka za mawasiliano, TCRA Tanzania na CA Kenya, na mikataba mingi ya vifurushi vya nyumbani inakataza. Uliza mamlaka kuhusu leseni kabla ya kutundika bango la "Wi-Fi buku kwa siku".

Kwa watoto, ruta nyingi zinakuruhusu kupanga saa za kuzima mtandao kwa kifaa fulani. Fanya hivyo kwa uwazi, mkiwa mmekubaliana. Mtoto wa miaka kumi na mitatu atapata njia nyingine.

## Mambo yakikwama

20. Simu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti.

Wi-Fi ni nzima, kilichokatika ni kipande cha kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni. Tazama taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Kagua kwamba kile kichomeo kidogo cha kijani kimekaa vizuri na waya wake mwembamba haujakunjwa kwa pembe kali. Faiba ni kioo, na panya nao huipenda. Usichungulie ncha yake kwa jicho. Kama iko sawa, piga simu kwa kampuni. Kwenye ruta ya laini, angalia bando kwanza.

Taa zote zikiwa sawa, chomoa umeme, hesabu hadi thelathini, chomeka. Bado? Waulize wa mtandao mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ilihangaika. Siku kama hiyo ukiriseti ruta yako unaongeza tatizo la pili.

21. Bando la ruta linaisha haraka kuliko la simu. Kwa nini?

Kwa sababu vifaa vikiona Wi-Fi hudhani ni ya bure. Simu hupandisha picha, Windows hujisasisha, TV hucheza video kwa ubora wa juu kabisa. Video ya HD ya Mbps 5 inakula takriban GB 2.25 kwa saa, kwa hiyo GB 10 ni kama saa nne na nusu.

Kwenye Android na Windows kuna sehemu ya kuitaja Wi-Fi kuwa ni ya kulipiwa kwa kiasi; iwashe kwa kila kifaa. Kwenye YouTube na programu za filamu shusha ubora hadi 480. Kwenye skrini ya simu tofauti huioni.

22. Umeme ukikatika nifanyeje Wi-Fi iendelee?

Nunua UPS ndogo ya ruta, ile ya betri yenye waya wa volti 12. Kabla ya kununua, soma adapta ya ruta: volti lazima zilingane kabisa (12V kwa 12V, 9V kwa 9V), na ampia za UPS ziwe sawa au zaidi. Linganisha pia kipenyo cha pini.

Hesabu ya muda: betri ya mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37. Toa zinazopotea njiani, zinabaki kama 30. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na nusu hivi. Ukiwa na kisanduku cha faiba *na* ruta, vyote viwili vinahitaji umeme, na muda unakatika karibu nusu. Wengi husahau kisanduku na kushangaa ruta inawaka bila intaneti.

23. Radi na umeme unaorudi kwa kishindo?

Mvua ya radi ikianza, chomoa adapta pamoja na waya wowote wa shaba unaotoka nje ya nyumba. Faiba yenyewe haipitishi umeme. Kwa umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika, kizuizi cha aina ya wanachofungia friji, chenye kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinaokoa adapta nyingi.

## Hali za pekee

24. Nina kisanduku cha kampuni na ruta yangu. Naviunganishaje?

Njia rahisi: weka ruta yako kwenye hali ya *Access Point*, kisha toa waya kutoka tundu la LAN la kisanduku hadi kwenye ruta. Kisanduku kitabaki kikivigawia vifaa anwani za mtandao, ruta yako itarusha Wi-Fi tu. Zima Wi-Fi ya kisanduku isigombane na yako, au ipe jina lile lile na neno la siri lile lile ikiwa viko pande mbili za nyumba.

Ukiviacha vyote viwili vigawe anwani, intaneti itafanya kazi, lakini printa iliyo upande mmoja haitaonekana upande wa pili, na michezo ya mtandaoni italalamika.

25. Nimefunga kamera. Fundi kasema nifungue poti ili nizione nikiwa safarini, lakini haikubali.

Kwenye laini ya simu, na kwenye faiba nyingi, wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje, kwa hiyo mlango unaoufungua kwenye ruta yako haufiki barabarani. Ruta haina kosa. Tumia programu ya kamera inayounganisha kupitia seva za kampuni yake, au ombeni anwani ya pekee kutoka kwa kampuni ya intaneti, kwa kawaida kwa malipo ya ziada. Na hata poti ikikubali, kamera iliyofunguliwa hivyo huku ikiwa na neno la siri la kiwandani inaonekana na dunia nzima.

26. Kifaa cha zamani hakiuoni mtandao mpya, vingine vinauona.

Mara nyingi ni moja kati ya haya: kinajua 2.4 GHz tu na umekiwekea 5 (swali la 15). Ruta imewekwa WPA3 peke yake, irudishe kwenye mchanganyiko. Au ruta ilijichagulia chaneli ya 12 au 13 na kifaa kilitengenezwa kwa soko la Marekani, ambako kwa kawaida mwisho ni 11. Ibadilishe iwe 1, 6 au 11, zima kifaa na ukiwashe tena.